Picha Husimama, Wimbo Hupita: Opera na Uchoraji Katika Mazungumzo ya Makumbusho

Miongoni mwa sanaa kubwa zilizokuzwa na watu wa Ulaya, mbili zimezoea kukaa katika nyumba mbalimbali, kila moja na mlango wake, na adabu zake, na wapenzi wake: uchoraji, ambao makao yake ni makumbusho, watu huuendea mchana, wakatembea kwa miguu toka chumba hata chumba na kuzungumza kwa sauti ya chini, na opera, ambayo makao yake ni kumbi adhimu zenye viti vya mahameli, watu huiendea usiku, wakakaa kitako saa tatu au nne, na kunyamaza gizani hata pazia lishuke. Mtu aweza kuishi umri wake wote katika mji mmoja, akawa mshabiki wa moja katika hizo, asivuke kizingiti cha ya pili. Ili kuondoa utengano huo, ambao zamani haukuwako, wakuu wa makumbusho na wakuu wa nyumba za opera katika miji kadha wa kadha wameanza kushirikiana katika jambo dogo lisilo na gharama kubwa: hukusanya watu wachache mbele ya picha moja, wakamleta mwelekezi anayeijua picha ile pamoja na mwimbaji au fundi wa jukwaani anayeijua opera inayohusiana nayo, kisha wakazungumza, na wageni nao wakazungumza, kwa muda wa saa moja hivi.

Msomaji asiyepata kuiona opera na ajue kwamba ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au karibu yote, huimbwa, yakisindikizwa na okestra iliyokaa shimoni mbele ya jukwaa. Na waimbaji wake, kwa desturi, hawatumii vipaza sauti, bali huijaza nyumba nzima kwa nguvu za vifua vyao. Ilizaliwa Italia, katika mji wa Florence, mwishoni mwa karne ya 16, pale mabwana wenye elimu walipotaka kufufua namna ambayo Wayunani wa kale, kwa dhana yao, walikuwa wakiiimba michezo yao ya huzuni. Na iliyo ya kale kuliko zote ambazo muziki wake umetufikia mzima ni Euridice ya Jacopo Peri, iliyochezwa mwaka 1600 katika jumba la Pitti, kwenye sherehe za arusi ya Maria de' Medici na Henri wa Nne, mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1607 Claudio Monteverdi alitunga Orfeo yake huko Mantua, na mwaka 1637 ukafunguliwa Venice ukumbi wa San Cassiano, ambamo mtu yeyote aliyeweza kulipa kiingilio aliruhusiwa kuingia, hata kama hakuwa na nasaba ya kikabaila. Tangu siku hizo wachoraji walikuwamo ndani ya kazi, kwa kuwa hapakuwa na opera pasipo miji iliyochorwa juu ya vitambaa, wala mawingu yaliyoshusha miungu kwa kamba, wala bahari za mbao zilizoviringishwa nyuma ya pazia. Na jumba lile la Pitti, ambamo Euridice ilisikika, leo ni makumbusho ya picha yanayojulikana ulimwenguni kote.

Hata hivyo sanaa hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja la asili, nalo ndilo kiini cha mazungumzo yote ninayoyaeleza: jambo hilo ni wakati. Gotthold Ephraim Lessing, mwanachuoni wa Kijerumani, alifafanua katika kitabu chake Laokoon cha mwaka 1766 kwamba mchoraji, kwa kuwa hana ila lahadha moja tu ya kutuonyesha, hana budi kuichagua ile iliyobeba ndani yake yaliyokwisha kupita na yaliyo karibu kutokea, hali mshairi ana ruhusa ya kuyapanga mambo yakafuatana. Opera, ukiitazama kwa makini, ina tabia zote mbili, maana sehemu zake nyingine, ziitwazo resitativo, huimbwa upesi upesi kwa mfano wa usemi, na humo kisa husonga mbele. Na nyingine, ziitwazo aria, humo kisa husimama kabisa, mwimbaji akabaki na jambo moja la moyoni mwake, akaligeuza na kulirudia, kama vile mwimbaji wa taarab anavyourudia ubeti uliowachoma waliohudhuria hata wakaanza kuinuka kwenda kutunza. Kwa hiyo wimbo, ijapokuwa hupita, unajua kusimama. Na picha, ijapokuwa imesimama, ina jana yake na kesho yake. Mwelekezi hodari haachi kuuliza, mbele ya picha yoyote iwayo, kwa nini mchoraji aliusimamisha wakati hapa, asiusimamishe kabla wala baada. Na mtu wa opera aliye karibu naye huuliza hilo hilo juu ya aria.

Mfano ulio bora wa jambo hili tumeachiwa na William Hogarth, mchoraji wa London aliyezaliwa mwaka 1697 na kufa mwaka 1764, ambaye aliupenda mchezo wa jukwaani kiasi cha kuzipanga picha zake kama mtu apangaye waigizaji. Mwaka 1728, John Gay alipotoa mchezo wake wa nyimbo uitwao The Beggar's Opera, ambao wahusika wake ni wezi na makahaba na walinzi wa jela, mahali ambapo opera za Kitaliano za wakati ule ziliwaweka wafalme na mashujaa, Hogarth aliuchora zaidi ya mara moja: jambazi Macheath amesimama katikati ya jela akiwa amefungwa minyororo, na wake wawili wanaomgombea wamepiga magoti, kila mmoja akimwombea kwa babaye. Lakini jicho la mtazamaji likisogea pembeni, litaona kwamba kushoto na kulia mwa jela wameketi mabwana wakubwa wenye nywele za bandia, kwani zama zile wenye vyeo waliuziwa nafasi juu ya jukwaa lenyewe. Na katika nakala iliyoko katika makumbusho ya Tate, London, mwigizaji Lavinia Fenton, aliyekuwa binti mmoja kati ya wale wawili, amepiga magoti huku macho yake yakielekea kwa Mtawala wa Bolton, aliyekaa miongoni mwa watazamaji, ambaye alikuwa mpenzi wake na mwishowe akamwoa. Ndani ya picha moja umewekwa mchezo, na waliokuja kuutazama mchezo, na siri iliyopita baina yao.

Baina ya mwaka 1732 na 1734 mchoraji huyo alifanya kazi kubwa zaidi, ambayo ni picha nane zinazofuatana, A Rake's Progress, yaani mwenendo wa kijana mbadhirifu tangu siku ya kurithi hata siku ya kupotewa na akili. Na mwaka 1735 akazitoa kwa chapa za bamba la shaba, akingoja kwanza ipite sheria ya Bunge aliyoipigania yeye mwenyewe, ya kuwalinda wachongaji wa chapa dhidi ya waigaji. Katika picha ya kwanza kijana Tom Rakewell ameingia nyumbani kwa marehemu baba yake, bahili mkubwa, naye mshoni yumo kumpima nguo mpya. Mlangoni analia Sarah Young, msichana mwenye mimba yake, mkononi ameshika pete, na Tom anamnyoshea fedha ili amwondolee mbali aibu. Karani anaiba nyuma ya mgongo wake. Na juu kabisa, fundi anayetundika kitambaa cheusi cha matanga amegonga ukuta, na sarafu za dhahabu zilizofichwa na bahili zinamwagika kutoka darini. Katika ya pili Tom amekwisha kuwa bwana mkubwa, amezungukwa na walimu wa kumfunza ubwana: mwalimu wa kucheza dansi, mwalimu wa upanga, mbuni wa bustani, mpanda farasi, na mwanamuziki aliyeketi kwenye kinanda cha nyuzi, na katika chapa ya mwaka 1735 umetundikwa nyuma ya kiti cha mwanamuziki huyo mkunjo mrefu wa karatasi ulioorodhesha zawadi ambazo makabaila wa Kiingereza walimpa Farinelli, mwimbaji wa Kitaliano aliyehasiwa utotoni ili sauti yake isivunjike, ambaye mwaka 1734 aliingia London na kuwatia watu wa mji huo wazimu wa mapenzi. Kwa Hogarth, basi, opera ilikuwa mojawapo ya njia za kuitapanya mali.

Picha zinazofuata hazikawii: danguro, ambamo saa ya Tom inaibwa naye amelewa, kukamatwa kwa deni akiwa njiani kwenda kwa mfalme, ambapo Sarah anatoa akiba yake kumkomboa, ndoa ya mali na ajuza mwenye jicho moja, nyumba ya kamari, ambamo moto umeanza kushika ukuta na wachezaji wachache tu wameuona, jela ya wadaiwa, na mwisho Bedlam, nyumba ya wendawazimu, ambamo Tom yu chini nusu uchi, Sarah yuko ubavuni pake akilia, na mabibi wawili waliovaa hariri wamekuja kutazama wagonjwa kwa tamasha. Picha hizi za rangi zimo hata leo katika nyumba ya Sir John Soane, mjengaji mashuhuri aliyezinunua mwaka 1802 na kuiachia nchi nyumba yake, iliyoko Lincoln's Inn Fields, London, iwe makumbusho ya watu wote, nayo haitozi kiingilio. Chumba chenyewe ni kidogo, lakini kwa werevu wa Soane kimebeba picha zaidi ya mia moja, kwani kuta zake ni mbao zenye bawaba zinazofunguka kama milango ya kabati, na nyuma ya kila ukuta mna ukuta mwingine. Mlinzi wa chumba huzifungua mbele ya wageni, akasimama kando, na zile picha nane zikatokea kama jukwaa lililoinuliwa pazia.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1947 Igor Stravinsky, mtunzi wa muziki mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akiishi California, alipita katika Art Institute ya Chicago, na humo akaukuta mfululizo wa Hogarth ukionyeshwa. Na kwa kauli yake mwenyewe, alivyoutazama aliuona papo hapo kuwa ni mfuatano wa matukio ya opera. Alikuwa na hamu ya kutunga opera kwa lugha ya Kiingereza, nayo hamu hiyo sasa ikawa imepata mwili. Jirani yake, mwandishi Aldous Huxley, akamshauri amtafute mshairi W. H. Auden, naye Auden akaenda kwake mwezi wa Novemba mwaka ule ule, wakapanga kisa chote katika siku chache. Baadaye Auden akamshirikisha Chester Kallman katika maneno, na Stravinsky akatumia miaka mitatu katika muziki. Opera hiyo, iliyochukua jina la picha, ilichezwa mara ya kwanza tarehe 11 Septemba 1951 katika ukumbi wa La Fenice, Venice, mtunzi mwenyewe akiwa mbele ya okestra.

Hapa mazungumzo ya makumbusho hupata unono wake, kwa sababu opera haikuinakili picha. Yule ajuza wa jicho moja ameondoka, na mahali pake amekuja Baba the Turk, mwanamke mwenye ndevu anayejionyesha katika maonyesho ya barabarani; Sarah, aliyedhulumiwa, amegeuka Anne Trulove, mchumba mwaminifu; na ameingizwa mtu ambaye katika picha hayumo kabisa, Nick Shadow, mtumishi anayemtimizia Tom kila anachokitamani, kumbe ni Ibilisi, naye mwishowe anamdai roho yake makaburini, usiku, kwa mchezo wa kubahatisha karata tatu. Katika onyesho hilo la makaburi okestra hunyamaza karibu yote, kikabaki kinanda cha nyuzi peke yake, chombo kile kile ambacho Hogarth alikiweka sebuleni kwa Tom siku za raha. Mwelekezi akiwauliza wageni, wakiwa mbele ya picha, ni nani katika nane hizi anayefanya kazi ya Ibilisi, hupata majibu mbalimbali: mmoja humwonyesha karani mwizi, mwingine wale walimu wa ubwana, mwingine husema ni zile sarafu zinazomwagika kutoka darini, na ndipo huwadhihirikia kwamba Hogarth aliutawanya uovu katika mji mzima, ukawa hauna mwenyewe, lakini mtunzi wa opera, ambaye hana budi kumpa kila jambo sauti ya kuliimba, alilazimika kuukusanya katika kifua cha mtu mmoja.

Wala mkufu huo haukukatikia Venice. David Hockney, mchoraji wa Kiingereza, ambaye baina ya mwaka 1961 na 1963 alitengeneza chapa 16 zenye jina hilo hilo juu ya maisha ya kijana mgeni katika New York, aliombwa kuchora mandhari na maleba ya opera hii kwa ajili ya tamasha la opera la Glyndebourne, Uingereza, mwaka 1975. Akaenda kuzitazama chapa za Hogarth kwa karibu, akaona kwamba kivuli chote ndani yake kimefanywa kwa mistari myembamba inayopishana, iliyokwanguliwa katika shaba; basi akaichukua mistari hiyo, akaikuza, akaipiga kwa wino mwekundu, na buluu, na kijani, na mweusi, juu ya kuta, na samani, na nguo za waimbaji, hata waliokaa ukumbini wakaona watu wanaotembea na kuimba ndani ya chapa ya zamani. Hivyo picha ilizaa opera, na opera ikarudi kuwa picha, na Stravinsky na Hockney, kila mmoja alianza kwa kusimama mbele ya kazi ya Hogarth na kuitazama asiharakishe.

Kisa cha pili kinatuleta karibu na kwetu. Opera ya Aida, ambayo Giuseppe Verdi aliitunga kwa agizo la Khedive Ismail wa Misri, wengi hudhani ilitungwa kwa kufunguliwa mfereji wa Suez. Lakini mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, na nyumba ya opera ya Kairo, iliyofunguliwa mwezi huo huo, ilianza kwa Rigoletto, opera nyingine ya Verdi, hali Aida haikusikika mpaka tarehe 24 Desemba 1871. Aliyekibuni kisa chake ni Auguste Mariette, Mfaransa aliyeongoza uchimbaji wa mambo ya kale ya Misri na kuanzisha makumbusho ya Bulaq mwaka 1863. Na yeye huyo, mtu wa makumbusho, ndiye aliyechora maleba ya waimbaji na kusimamia mandhari, akichukua taswira kutoka kuta za mahekalu na makaburi ya Mafirauni. Alikwenda Paris kuvitengenezesha vitu hivyo, na humo vita vya Ufaransa na Prussia vikamkuta. Mji ukazingirwa na majeshi, na taji za Mafirauni zikafungiwa ndani pamoja na wakazi wenye njaa, na kwa sababu hiyo opera ikacheleweshwa karibu mwaka mzima.

Mwelekezi akiwasimamisha watu mbele ya sanamu au nakshi ya Misri ya kale na kuwasikilizisha sehemu ya Aida, swali la kwanza ni jepesi: nini katika jukwaa la Mariette kimetoka kweli kaburini, na nini kimetoka Paris? Swali la pili ni zito zaidi. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa na kufanywa mtumwa, na opera yote yaonyesha Misri ikishangilia ushindi juu ya Wahabeshi. Na Khedive aliyeilipia opera hiyo, miaka michache baadaye, alipeleka majeshi yake Uhabeshi, yakashindwa vibaya Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876. Katika mwaka huo wa 1875 alipeleka pia merikebu zikateka Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash wa Unguja, mpaka Waingereza wakamlazimisha kuziondoa. Na ni Barghash huyo huyo ambaye, kwa masimulizi mashuhuri, alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kupiga kanuni, na kwa njia hiyo taarab ikaingia jumbani mwake. Picha ya ukutani yenye mateka waliofungwa mikono, ambayo mtu angeipita kwa hatua mbili, ikiwekwa karibu na sauti za wale wanaoimba ushindi, humfanya mtazamaji aulize ni nani anayetakiwa kushangilia na ni nani aliyefungwa.

Wachoraji wengine waliiangalia opera upande ambao haukukusudiwa kuangaliwa. Edgar Degas, katika picha yake ya mwaka 1870 hivi, iliyoko leo Musée d'Orsay, Paris, ameichora okestra ya opera kiasi kwamba mwenye cheo katika picha ni rafiki yake Désiré Dihau, mpiga basuni, amevimbisha mashavu, na chombo chake kirefu kimeikata picha kwa mshazari; wachezaji wa jukwaani, ambao watu wamekata tikiti kuwaona, wanaonekana sketi na miguu tu, vichwa vimekatwa na fremu. Mwimbaji aliyezoea kusimama pale juu, akiitazama picha hii pamoja na wageni, hueleza jambo ambalo mwanachuoni wa sanaa huenda asilijue: namna pumzi yake inavyomtegemea mtu yule wa shimoni ambaye hamtazami. Na katika zama zetu, William Kentridge wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye huchora kwa makaa, akafuta, akachora tena juu ya karatasi ile ile huku akipiga picha kila hatua, hata athari ya kilichofutwa ikabaki kama moshi, ameongoza Zauberflöte ya Mozart huko Brussels mwaka 2005, na The Nose ya Shostakovich huko New York mwaka 2010, mwaka ambao michoro yake ilikuwa pia ikionyeshwa katika makumbusho ya MoMA ya mji huo. Na aliyetaka aliweza kuutazama mkono wa mchoraji mchana na kuuona usiku ukitembea nyuma ya waimbaji.

Mazungumzo yenyewe huendeshwaje? Aghalabu watu hawazidi ishirini, hupewa vigoda vya kukunja ili miguu isiwachoshe na wakatamani kuondoka. Jambo la kwanza ni kimya: hutazama dakika mbili au tatu bila ya kuambiwa jina la picha wala la mchoraji. Kisha huja maswali, na waelekezi wengi hufuata njia iliyotengenezwa na Philip Yenawine na Abigail Housen, ambao kazi yao ilitokana na makumbusho ya MoMA: kwanza huulizwa kuna jambo gani linatendeka humu, pili, umeona nini kilichokufanya useme hivyo, tatu, kuna nini zaidi tunachoweza kukiona. Swali la pili ndilo lenye nguvu, kwani humrudisha msemaji kwenye picha na kumkataza kuropoka, wala halimbagui mwenye digrii na asiye nayo. Baada ya hapo husomwa maneno ya aria kwa lugha wanayoifahamu, ili mtu asizame katika sauti asijue kinachosemwa. Ndipo muziki ukasikika, ama kwa mwimbaji aliyesimama hapo hapo, ama kwa kipaza sauti kidogo. Na mwisho, jambo ambalo wasio hodari hulisahau, hurudi wote kuitazama picha upya, wakaulizwa kama imebadilika.

Ziko namna za kuliharibu jambo hili. Mwelekezi anayehutubia saa nzima amewafunga wageni midomo na macho pia. Anayepiga muziki tangu mwanzo ameufanya kuwa marashi ya kunukiza chumba. Na anayesema kwamba opera ndiyo tafsiri sahihi ya picha amewadhulumu wote wawili, mchoraji na mtunzi, maana tumekwisha kuona kwamba Auden na Stravinsky walimwacha Hogarth kila walipohitaji kumwacha. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London, katika maonyesho yake makubwa ya opera yaliyofunguliwa Septemba 2017 kwa kushirikiana na Royal Opera House, yaliwavika wageni visikizio ambavyo muziki wake ulibadilika kwa kadiri mtu alivyosogea kutoka mji hadi mji, toka Venice ya Monteverdi hata Leningrad ya Shostakovich. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, lakini mtu mwenye kitu masikioni hawezi kumsikia mwenziwe, na kwa hiyo vyombo kama hivyo, vizuri vilivyo, haviwezi kushika nafasi ya watu ishirini wanaobishana.

Faida ya mabishano hayo si ndogo. Opera ina sifa ya kuwa starehe ya matajiri, yenye tikiti ghali na lugha ngeni, na wengi wanaoipenda hawakuianzia ukumbini. Makumbusho, ambayo mengi hayana kiingilio au yana siku zisizo na kiingilio, huwafungulia mlango wa pembeni. Kwa upande wake mpenzi wa opera, aliyezoea kuchukuliwa na muziki kama mtu aliyepanda chombo, hufundishwa na picha kukaa mahali pamoja na kuuliza. Na hakuna linalozuia njia hii isitumike nje ya Ulaya na Marekani. Katika makumbusho ya Lamu zimewekwa siwa mbili, ya pembe iliyotoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe, kazi za nakshi zilizo miongoni mwa fahari kubwa za pwani. Mgeni huzitazama kama vitu vya kuchongwa, akasahau kwamba zilifanywa zipulizwe, katika arusi na sherehe za watu wakubwa, ili sauti yake itangaze cheo. Mwelekezi wa huko naye aweza kuuliza: kilikuwa kikitendeka nini sauti ilipotoka, nani alikuwa na haki ya kuipuliza, na nani alikuwa akisikiliza kutoka nje ya mlango?

Msomaji asiye na makumbusho karibu naye, wala opera, hana haja ya kungoja. Nakala za picha za Hogarth zinapatikana vitabuni na katika intaneti, na Aida husikilizwa kwa simu. Atazame kwanza, asome maneno ya wimbo, asikilize, kisha atazame tena, na awe na mtu mmoja wa kubishana naye. Kwa kuwa jicho la mtu mmoja huchoka mapema, na likisha kuchoka husema limekwisha kuona yote, na ni mwenzake tu anayeweza kumwonyesha kwamba sarafu bado zinamwagika.